Vali Hupumzika Inapofunga

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita zipatazo 33, na sehemu kubwa ni kupanda. Mombo unaacha joto la bondeni, Soni hewa inaanza kubadilika, na Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta. Kwenye barabara hiyo, kona chache kabla ya maporomoko ya Soni, Julai mwaka 1998, vali moja ya injini ya Kombi yetu ilikatika kichwa.

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, kama nyundo iliyodondoka ndani ya pipa. Kisha yakafuata makelele ya chuma kinachotafuna chuma. Nilikanyaga klachi, nikazima injini, nikavuta breki ya mkono. Mdogo wangu akaruka nje na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tulikuwa tumebeba magunia ya sukari ya duka la shangazi, na harufu ya oili iliyoungua ilikwishafika hadi viti vya mbele.

Siku tatu kabla ya hapo injini ile ilikuwa imeacha kugonga tapeti. Nilikuwa nimeizoea ikigonga tangu utotoni, na iliponyamaza nilifurahi, nikamwambia baba kwamba sasa imetulia. Furaha ile ilitugharimu pistoni, silinda hedi na msimu mzima wa matunda. Tangu siku hiyo, kila mtu anayeniletea hedi ya injini ya zamani na kuniambia "fundi, niongezee nguvu", namweleza kwanza habari ya ukimya ule.

Mimi ni fundi wa silinda hedi. Karakana yangu ipo Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kupokea hedi zilizopasuka, zilizopinda na zilizoungua, na kuzirudisha zikiwa na pumzi. Siku hizi nyingi ni za Hiace. Lakini shule yangu ilikuwa ile Kombi ya baba, Volkswagen ya mwaka 1974, nyeupe juu na kijani chini, aliyoinunua mwaka 1983 ikiwa imeshatumika. Kwa miaka mingi ilishusha kabichi, pea na matunda damu kutoka Lushoto hadi soko la Tanga, na kurudi milimani na bidhaa za dukani. Bado tunayo, na bado inapanda Soni.

Pumzi ya injini

Msomaji asiyewahi kufungua injini na anifuate hapa kidogo, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yanasimama juu ya jambo hili.

Injini huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huibana, huiwasha, kisha huutoa moshi. Kila silinda ya Kombi ina milango miwili: vali ya kuingizia na vali ya kutolea. Vali ina umbo la uyoga, shina jembamba na kichwa bapa. Kichwa kikikaa kwenye siti yake, mlango umefungwa. Shina likisukumwa, mlango unafunguka. Shina hupita ndani ya bomba dogo la shaba ambalo mafundi tunaliita gaidi ya vali, na springi ndiyo inayoirudisha vali mahali pake.

Anayesukuma ni kemshafti, fimbo yenye nundu iliyo katikati ya injini. Nundu inapozunguka huinua tapeti, tapeti inasukuma kijiti kirefu kiitwacho pushrodi, pushrodi inabonyeza upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka unaifungua vali. Ni kama mchezo wa bembea: huku kukipanda, kule kunashuka.

Injini ya Kombi ile ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na kila upande una silinda hedi yake ya alumini. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,584. Haina rejeta wala maji, inapozwa na upepo wa feni na oili yake yenyewe. Tangu Agosti 1970 hedi zake zilikuwa na matundu mawili ya kuingizia hewa badala ya moja, na kiwanda kilihesabu nguvu farasi 50. Hamsini tu, kwa gari linaloweza kubebeshwa karibu tani moja. Na ukipanda hadi Lushoto, hewa yenyewe inakuwa nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Tanga, kwa hiyo hamsini hizo zinapungua njiani.

Ndiyo maana kila mwenye Kombi hufika siku akatamani zaidi. Nami nilitamani.

Hedi za mashindano

Sisi tuliokua tukipenda Volkswagen tulilishwa habari za Safari Rally. Wazee walitusimulia jinsi Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walivyoshinda mwaka 1962 kwa Volkswagen 1200, gari dogo lenye injini ya ukoo uleule wa Kombi, katika njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kijana akisikia hivyo hudhani kila kifaa cha mashindano ni baraka.

Mwanzoni mwa 1998 muuzaji mmoja wa spea alinionyesha jozi ya hedi zilizochongwa kwa ajili ya mbio. Vali za kiwandani kwenye injini yetu zina upana wa milimita 35.5 kwa kuingizia na 32 kwa kutolea. Hizi zilikuwa na milimita 40 na 35.5. Alikuwa pia na kemshafti yenye nundu ndefu na springi za vali mbilimbili, moja ndani ya nyingine. Nilimwomba baba ruhusa. Akaniuliza, "Zitavuta mlimani?" Nikajibu kwa uhakika wa mtu ambaye hajajaribu, "Zitavuta, baba."

Kwenye tambarare ya Korogwe ilikimbia kweli. Nguvu ilikuja kwa ghafla ukishavuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Lakini chini ya hapo palikuwa patupu. Kemshafti ya mbio huchelewa kufunga vali ya kuingizia, na injini ikizunguka polepole sehemu ya hewa iliyovutwa hurudi ilikotoka. Gari la mbio halijali, maana dereva wake haishushi chini ya mizunguko 4,000. Kombi yenye magunia, gia ya pili, kona ya Soni, inaishi kwenye mizunguko 2,000 na kidogo. Pale pale inapohitaji kuvuta ndipo tulipoinyang'anya pumzi. Nikawa napanda kwa gia ya kwanza sehemu ambazo baba alikuwa akipanda kwa gia ya pili, injini ikipiga kelele na kuchemka.

Kisha tapeti zikanyamaza.

Nilipofungua injini nyumbani nilikuta silinda ya tatu imekula kichwa cha vali yake ya kutolea. Kilikuwa kimejikita kwenye pistoni kama sarafu kwenye udongo. Kwenye hedi, kati ya siti mbili, ule utepe mwembamba wa alumini ulikuwa na ufa unaoingia ukucha. Nikaiweka hedi juu ya meza ya mbao na kuitazama kwa muda mrefu. Kila kosa langu lilikuwa limeandikwa pale.

Vali kubwa zinahitaji siti kubwa, na siti kubwa zinaukondesha utepe ulio kati yao. Utepe mwembamba haustahimili joto, ukapasuka. Ulipopasuka, siti ikalegea na vali ikazama taratibu. Vali ikizama, shina lake linajitokeza zaidi upande wa roka, na ile nafasi ndogo kati ya roka na shina inakwisha. Hiyo ndiyo nafasi iliyokuwa ikigonga. Ilipokwisha, mlio ukaisha, na vali ikawa haifungi tena sawasawa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Vali ya kutolea hupitisha moshi wenye joto la kuyeyusha alumini. Nafasi yake kubwa ya kupoa ni pale inapokaa kwenye siti, chuma kwa chuma, ikiikabidhi hedi joto lake. Hadi robo tatu ya joto hutokea hapo, na lililobaki hupita kwenye shina na gaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, kila vali inafunguka mara 30 kwa sekunde. Katikati ya kufunguka huko inapata vipande vidogo vya muda wa kukaa na kupumzika. Ukiinyima vipande hivyo, inawaka wekundu, inarefuka, inakatika.

Fundi aliyenifundisha kazi alizoea kusema kwamba tapeti inayogonga inakwambia ipo. Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara nyingi. Siku ile niliyaelewa.

Kuanzia kwenye siti

Hedi zilizofuata nilizifanyia kazi mwenyewe, na nilianza upande mwingine kabisa. Kabla ya kuuliza vali itafunguka kiasi gani, niliuliza itafunga vipi.

Nilichukua hedi za kawaida za matundu mawili. Nilizichemsha kwenye maji ya sabuni, nikazisugua, nikazipaka rangi nyekundu nyepesi inayojipenyeza kwenye nyufa, nikazifuta na kupuliza chokaa laini. Ufa ukiwepo, rangi hurudi juu kwa mstari kama mshipa. Hedi ya kwanza ilikuwa na mshipa. Niliiweka kando, ingawa ilikuwa imenigharimu safari ya Nairobi.

Kisha gaidi. Unainua vali kidogo kutoka kwenye siti, unaitikisa kando kwa kando na kupima mchezo wake. Kitabu cha Volkswagen kinaruhusu hadi milimita 0.8. Mimi hubadilisha mapema zaidi, kwa sababu gaidi iliyolegea huiacha vali ikae upande, na inayokaa upande haipoi.

Baada ya gaidi ndipo siti. Sehemu ambayo vali inakalia hukatwa kwa pembe ya nyuzi 45. Upana wake ni milimita 1.3 hadi 1.6 kwa kuingizia, na 1.7 hadi 2.0 kwa kutolea. Ya kutolea ni pana zaidi kwa sababu inabeba kazi ya kupoza. Wapo wanaoikata nyembamba kama uzi ili hewa ipite vizuri, nao huishia walikoishia wangu. Juu ya pembe ile hukatwa nyingine ya nyuzi 15, na chini yake ya nyuzi 75. Pembe hizo tatu zinafanya kazi mbili: zinaiweka siti mahali sahihi na kwa upana sahihi, na zinaifanya hewa izunguke ukingo badala ya kugonga kona. Huu ni urekebishaji wa kwanza wa kweli wa hedi, na haukuongeza hata sehemu ya milimita kwenye ukubwa wa vali.

Kusaga vali kwa mkono huja mwisho. Unapaka pesti kidogo, unazungusha kijiti chenye kikombe cha mpira kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Mwanzoni inakwaruza, baadaye mlio unalainika. Ukifuta, unaona duara la kijivu lisilokatika popote. Ninamimina mafuta ya taa kwenye tundu na kungoja. Yasipotoka hata tone baada ya muda wa kunywa chai, vali hiyo imefunga.

Ndipo nikageukia njia za hewa. Chini tu ya siti, mle ndani, kiwanda huacha ngazi ndogo ambapo chuma cha siti kinakutana na alumini. Niliilainisha ngazi hiyo kwa jiwe dogo la kuzungusha. Nilifananisha pia mdomo wa manifoldi na mdomo wa hedi, maana ulipishana kwa zaidi ya milimita moja na hewa ilikuwa ikijikwaa pale. Upande wa kutolea nililainisha hadi ukawa laini kama kikombe, ili masizi yasipate pa kushika. Upande wa kuingizia niliuacha na ukwaru kidogo, kwa kuwa petroli ikikuta ukuta unaoteleza kama kioo hujikusanya matone badala ya kubaki mvuke. Sikupanua njia. Njia pana huipunguza kasi hewa, na kwenye mizunguko 2,000 kasi ya hewa ndiyo inayoijaza silinda.

Kijiko kimoja cha chai

Mshindilio wa injini ile kutoka kiwandani ni kama 7.5 kwa 1, yaani hewa inabanwa hadi inabaki sehemu moja ya saba na nusu ya nafasi yake ya kwanza. Ukiongeza mshindilio kidogo, kila tone la petroli linafanya kazi zaidi, hata kwenye mwendo wa polepole. Ukizidisha, petroli inajilipukia yenyewe, na hedi inapata joto ambalo upepo wa feni hauwezi kuliondoa. Nilichagua 8 kwa 1, nikifikiria mlima na pia joto la Tanga mwezi wa pili.

Hesabu yake naipenda kwa sababu inaonyesha jinsi kazi hii isivyovumilia kukadiria. Silinda moja ina sentimita za ujazo 396. Ili upate 7.5, nafasi inayobaki juu ya pistoni lazima iwe 60.9. Ili upate 8, iwe 56.6. Tofauti ni 4.3, pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Kupima nilitumia bomba la sindano la mililita 50, jipya ndani ya karatasi yake. Hedi inalazwa kichwa chini, vali na plagi zikiwa mahali pake. Juu ya tundu la silinda unaweka kipande cha plastiki angavu chenye kitundu, ukingoni umepaka grisi. Unaingiza mafuta ya taa taratibu hadi povu la mwisho litoke. Binti yangu ndiye aliyekuwa akisoma bomba, mimi nikiandika kwa chaki ukutani. Matundu matatu yalikaribiana. La nne lilizidi kwa 1.6.

"Baba, hii moja ni kubwa kuliko wenzake," alisema.

Ukiziacha hivyo, silinda tatu zinavuta kwa nguvu moja na ya nne inaburuzwa, na injini inatetemeka bila mtu kujua kwa nini. Nilikwangua kidogo kidogo zile tatu, tukapima tena na tena, jioni mbili, hadi zote nne zikawa ndani ya nusu ya mililita. Kisha hedi ikachongwa pale silinda inapoingia, hadi hesabu ya kijiko kile ikatimia. Kwa upana wa silinda ile, kijiko hicho ni kama robo tatu ya milimita.

Roka, vijiti na mzunguko wa vali

Ukiichonga hedi, inasogea karibu na kemshafti. Pushrodi zilizokuwa na urefu sahihi sasa ni ndefu, roka inakaa kwa pembe mbaya, na badala ya kubonyeza shina la vali wima inalisukuma kando. Gaidi ulizobadilisha zinaanza kuisha upya. Kwa hiyo kazi ya hedi haimaliziki bila kazi ya roka.

Kipimo ni hiki: vali ikiwa imefunguka nusu ya safari yake, skrubu ya roka iwe mstari mmoja na shina. Mimi hufika hapo kwa kuweka vibati vyembamba chini ya nguzo za roka, na ikibidi kwa kukata pushrodi. Halafu naisogeza roka kidogo ili skrubu isibonyeze katikati kabisa ya shina. Ikibonyeza kando kidogo, vali huzunguka polepole kila inapofunguka, na siti yake inalika sawasawa pande zote. Ni jambo dogo ambalo jicho halilioni injini ikifanya kazi, lakini ukifungua baada ya miaka mitano unaliona kwenye duara la kijivu.

Roka za kiwandani huongeza mwendo wa nundu kwa 1.1. Nundu ikiinua milimita 7.7 hivi, vali inafunguka karibu 8.5. Zipo roka za 1.25, ambazo kwa nundu hiyohiyo zinaipa vali milimita 9.6. Nilizifunga hizo na kuiacha kemshafti ya kiwanda. Vali inafunguka na kufunga kwa saa zilezile, inafunguka tu kwa upana zaidi, na muda wake wa kupumzika haupungui. Kwa gari la mizigo huo ndio urekebishaji ninaoupendekeza kuliko wowote, mradi uhakikishe springi haijibani hadi mwisho vali ikiwa wazi kabisa. Springi niliacha moja kwa kila vali. Springi mbilimbili ni za injini inayofika mizunguko 6,000. Kwetu zingesaga tu nundu na tapeti bila faida.

Wengine hupenda pushrodi za chuma kigumu. Ni imara, lakini wajue jambo moja. Pushrodi za alumini hurefuka zikipata joto, zikiifuata hedi na silinda zinavyotanuka. Za chuma hurefuka kidogo tu. Kwa hiyo kwa pushrodi za alumini tapeti huwekwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, na kwa za chuma huwekwa karibu na sifuri. Anayechanganya vipimo hivyo viwili anaharibu kazi yote kwa dakika kumi.

Mabati yaliyotupwa

Hedi nzuri kwenye injini isiyopumua upepo ni kazi bure. Baada ya ile ajali nilikagua pia mabati ya kupozea, nikakuta mengi hayapo. Chini ya silinda kuna vibati vinavyoulazimisha upepo uzizunguke pande zote kabla ya kutoka. Havikuwepo. Injini za kuanzia mwaka huo wa 1970 zilitengewa kipoza oili nyumba yake pembeni, na bati linaloitoa nje hewa yake ya moto. Halikuwepo. Mpira unaoziba ukingo kati ya injini na bodi ulikuwa umeoza, na hewa moto ya chini ilikuwa ikipanda na kuvutwa tena na feni.

Mabati hayo yalitolewa katika matengenezo fulani ya zamani, na aliyeyatoa aliona hii ni nchi ya joto, mabati ya nini. Ukweli ni kinyume chake. Nchi ya joto ndiyo inayoyahitaji zaidi. Nilitafuta kwenye Kombi zilizokufa, kuanzia Muheza hadi Moshi, nikayapata moja moja, na lililokosekana nilimpa fundi bati mfano wa karatasi akalikunja. Namwomba kila mwenye gari la aina hii: kabla ya kununua chochote cha kuongeza nguvu, inama chini ya injini yako uhesabu mabati.

Mwisho ni kukaza. Kila hedi ina nati nane. Zinakazwa kwa mpangilio wa kitabu, mara ya kwanza kwa mkazo mdogo, mara ya pili kwa mkazo kamili: Nm 32 kwa studi za milimita 10, na Nm 25 kwa studi za milimita 8 zilizokuja baadaye. Mkono hauwezi kukadiria hapo. Studi zimeshika kwenye bloku ya magnesi, laini kuliko watu wanavyodhani, na ukizidisha unazing'oa na nyuzi zake.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Kombi ile ilirudi barabarani mwaka uliofuata. Haikimbii kama ilivyokimbia na hedi za mashindano. Lakini kwenye kona ileile ya Soni baba aliiweka gia ya pili, ikapanda bila kulalamika, na palipolainika kabla ya mji akaingiza ya tatu. Hakusema kitu. Alinigonga goti mara mbili kwa kiganja. Ameshatangulia mbele ya haki, na hedi zile bado zinafanya kazi.

Wenye Hiace za dizeli za miaka ya 1990 huniambia haya ni ya kale, magari yao hayana pushrodi. Ni kweli. Kemshafti yao ipo juu na inabonyeza vali moja kwa moja, na nafasi ya tapeti hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti. Lakini vali zao nazo hupoa zikikaa kwenye siti, na siti zao nazo huisha polepole. Tofauti ni kwamba kwa kuwa kazi ya visahani ni ndefu, wengi hawaifanyi kamwe. Wananiletea hedi yenye vali iliyoliwa ukingo kama biskuti, na wote husimulia habari moja: injini ilikuwa imenyamaza vizuri tu.

Kwenye Kombi, kazi hiyo ni ya asubuhi moja kila kilomita 5,000. Injini iwe imelala usiku kucha. Unafungua waya unaoshika kifuniko cha roka, unazungusha puli hadi silinda ya kwanza iwe juu, vali zote mbili zikiwa zimefunga. Unaingiza bapa la fila geji la 0.15 kati ya skrubu na shina, unageuza skrubu kwa bisibisi, kisha unaishika isisogee huku ukikaza nati yake.

Siku hizi binti yangu huifanya akija likizo, kwa kuwa macho yake ni mazuri kuliko yangu. Mara ya kwanza aliniuliza atajuaje imefika. Nilichukua kitabu cha hesabu za karakana, nikaweka karatasi moja katikati ya kurasa, nikakifunga kwa uzito wa kiganja, nikamwambia aivute. Ikatoka kwa kukwama kidogo.

"Hivyo hivyo," nikamwambia.

Akarudi kwenye injini, akavuta bapa, akageuza skrubu kidogo, akavuta tena. Tulipowasha, tapeti ziligonga, taratibu na kwa mpangilio, zote nane. Nilimwona akikunja uso, akidhani amekosea. Nikamwambia asiguse chochote, asikilize tu. Hapo vali zilikuwa zinafunga.